Kodi ya Mchongezi

Fundi alipoliona gari la mfamasia likikunja kona kuingia gereji, aliiacha spana ikining'inia kwenye nati na kuwahi mlangoni kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua.

"Leta ufunguo nilipange vizuri," alisema, kiganja tayari kimefunguliwa.

"Fundi, wewe una ukarimu wa ajabu," mfamasia akacheka, akateremka na manukato yake. "Daktari mwenzangu yupo?"

Hilo neno. Si "daktari", hilo fundi alishalimeza, maana mkewe ndiye aliyeshika mashine ya kusomea magari, na wateja wote walimwita hivyo. Lililomkwama kooni kama mwiba wa samaki ni "mwenzangu". Mwenzake wa nini? Mtu anauza dawa za kikohozi, ghafla ana mwenzake ndani ya gereji ya watu. Na mke naye, akiitwa hivyo, hucheka. Kile kicheko cha kutoka tumboni, ambacho fundi alidhani amekioa pamoja na mwenyewe.

Gari lilikuwa la gia za otomatiki, na ugonjwa wake haukuwa wa kubahatisha. Likishapata moto lilijifunga kwenye gia ya tatu na kujikokota kama lenye kigugumizi, taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi. Likipoa, zima kama jana. Gari la namna hiyo huwa na kodi. Si kodi ya nyumba, bali namba ambayo kompyuta yake huiweka pale linapoumia, ili mwenye mashine aje aisome.

Fundi alilisogeza hadi nyuma ya rundo la matairi. Akazima injini, akaacha swichi wazi, akachomeka mashine chini ya usukani na, bila kusoma kilichoandikwa, akabonyeza: futa. Taa ikazimika. Ndivyo alivyofanya kila mfamasia alipokuja. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: pasipo kodi hakuna ugonjwa, na pasipo ugonjwa daktari na mwenzake hawana la kuzungumza.

Wivu ulimfumba macho asione jambo ambalo hata mwanafunzi wa ufundi angeliona. Kufuta kodi si kulitibu gari, ni kumziba mgonjwa mdomo. Mfamasia aliondoka, gari likapata moto, likagoma, naye akarudi. Na kila aliporudi fundi alijiambia: unaona? Anamfuata.

Mkewe alitokea ndani akijifuta mikono.

"Daktari mwenzangu, mgonjwa amezidiwa tena."

"Gari au wewe?" mke akajibu, na kile kicheko kikatoka.

Fundi alijitia uvunguni mwa gari jingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini yeye huko chini hakuwa na anachokitaka zaidi ya kusikiliza.

"Usijisumbue, mama watoto," alisema kutoka chini. "Nimeshaliangalia. Hakuna kodi."

Vilisikika vitufe vya mashine vikibonyezwa. Kisha mkewe akaita, taratibu mno:

"Baba watoto, hebu toka huko."

Alipotoka alionyeshwa kioo cha mashine. Mke alikuwa amefungua ukurasa ambao hawakuwa na mazoea ya kuufungua, ule unaosema gari limetembea umbali gani tangu kodi zilipofutwa. Palisomeka sifuri.

"Sifuri," mke alisema. "Yaani zimefutwa hapa hapa uani. Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Labda mashine imechanganyikiwa."

"Mashine haina wivu. Ichanganyikiwe na nini?"

Mfamasia aliinama kufunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

"Na mimi nilidhani gari hili limerogwa," mke aliendelea. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Najua iliyokuwemo ni ile kodi ya mchongezi. Inasema tu kwamba gia zina neno. Neno gani, haisemi. Yenye ukweli huwa nyuma yake, na zote umezifuta. Sasa lazima gari liendeshwe mpaka lipate moto ligome tena, mimi nikiwa ndani na mashine."

"Nitakwenda mimi."

"Mwizi hakabidhiwi ghala."

"Basi twende wote," mfamasia alidakia.

"Gereji abaki nayo nani?" Mke alimgeukia mumewe, akashusha sauti. "Moyo wako nao una mchongezi, mume wangu. Taa inawaka, kosa halitajwi. Sasa sikiliza. Ukinipigia simu njiani, hata mara moja, kesho naenda gereji ya ng'ambo ya barabara. Walinitaka, nikawaambia nafanya kazi na mume wangu. Nitawaambia ile sababu imekufa."

Gari likatoka. Fundi alilisikiliza likipanda gia: ya kwanza, ya pili, ya tatu ikaingia laini, ya nne ikapotelea kule kwenye mteremko. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Laiti asingefuta, kodi ingesomwa hapa, mbele ya macho yake. Sasa mkewe yuko kiti cha mbele, vioo vimepandishwa, manukato yamejaa ndani, na jamaa anatafuta barabara ndefu kwa kisingizio cha kupasha gia moto.

Simu ikawa nzito mfukoni. Aliitoa, eti aangalie saa. Kidole kikaenda chenyewe hadi kwenye jina la mkewe, kikasimama juu yake. Fundi aliiweka simu mezani, akaenda kwenye beseni la mafuta machafu ya gia, akazamisha mikono yote miwili hadi kwenye vifundo. Mikono ya mafuta haipigi simu.

Ikaita. Alikuwa mkewe. Fundi aliinama, akapokea kwa ncha ya pua, akabonyeza spika kwa pua vilevile.

"Mchongezi amerudi," mke alisema, "na aliye nyuma yake nimemwona. Umeme unakatika kwenye waya wa gia likipata moto. Nadhani plagi yake imeingia mafuta. Tayarisha jeki."

"Sawa. Mnarudi?"

"Tunarudi. Ila limejifunga gia ya tatu, kwa hiyo tutakuja polepole."

Polepole. Fundi alifumba macho.

"Mbona sauti yako iko mbali hivyo?"

"Nimepokea kwa pua. Mikono ina mafuta."

"Mafuta ya kazi gani?"

"Ili nisikupigie."

Mke akacheka, kile kicheko cha kutoka tumboni, na safari hii hakikuwa cha mtu mwingine. Fundi akaanza kutabasamu. Nyuma yake kikafuata kicheko cha pili, kizito, cha mwanamume.

Fundi aliinamisha kichwa asikie vizuri, sikio likagusa kioo, simu ikakatika. Na kumpigia ndiyo marufuku.