Fundi Cherehani Ashona Meza

Mwanaume akitaka kukwepa kusema neno moja, mwache tu. Atatafuta kazi ya siku kumi na nne ili asilitamke. Mwalimu alilijua hilo kwa miaka kumi na minane ya ndoa, na kama kuna sehemu alikuwa ameisahau, mumewe alimkumbusha yote Jumatatu ile alipoingia uani na mbao sita begani, jasho linamtiririka, akatangaza kwamba atatengeneza meza ya kulia chakula kwa mikono yake mwenyewe.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Fundi hasa, si wa kubahatisha. Nusu ya mabwana harusi wa mtaa ule waliingia ukumbini ndani ya suti zake, na wale waliokonda baadaye kwa mambo ya ndoa walirudi kwake wapunguziwe kiuno. Lakini msumeno hakuwahi kuushika, labda kumpisha njiani mtu aliyeubeba.

"Kwani mbao ni nini?" alimuuliza mkewe. "Ni kitambaa kizito tu."

"Kitambaa hakipigwi misumari."

"Kinapigwa pini."

Mtu wa namna hiyo utamwambia nini? Mwalimu alichukua daftari zake za kusahihisha akaingia ndani. Darasani alikuwa na watoto hamsini na wawili waliojua kwamba wao ni watoto, na hao walimtosha.

Meza yenyewe ilikuwa na sababu. Binti mkubwa wa Mwalimu, aliyezaliwa kabla Fundi hajajulikana nyumba ile, alikuwa amepiga simu siku moja kabla. Miaka mitatu hakuwa amekanyaga pale. Sasa alikuwa muuguzi, amehamishiwa hospitali ya mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi, na safari ilikuwa baada ya wiki mbili. "Nitapita Jumapili ya mwisho, mchana," alisema. "Lakini Mama, jikoni sili tena."

Hapo lazima tuelezane. Sebule ile ilikuwa na viti vinne: cha Fundi, cha Mwalimu, na viwili vya mapacha, mabinti wa Fundi na Mwalimu. Kila mtu alikula na sahani mapajani. Binti mkubwa alikula jikoni, juu ya kigoda, mgongo kwenye ndoo ya maji. Hakuna aliyekaa kikao akaamua hivyo. Ilianza tu, kama tabia zote mbaya zinavyoanza, kisha ikawa sheria. Mpaka jioni moja binti akatoka na sahani yake akakaa kwenye kiti cha Fundi. Fundi alikuwa ametoka kazini na hasira, ameharibu kitambaa cha mteja mkali, akasimama mbele yake akasema, watu wote wanasikia, "Nyumba hii kila mtu ana mahali pake. Pako unapajua." Binti akanyanyuka na sahani yake. Mwalimu alikuwa hapo hapo mlangoni. Akaenda kuwapakulia mapacha, maana walikuwa na njaa, na njaa haingoji ugomvi uishe. Asubuhi binti hakuwepo, wala begi lake.

Tangu siku hiyo Mwalimu alitaka jambo moja tu duniani: mumewe afungue mdomo amwambie yule mtoto "nisamehe." Sasa mtoto anaondoka, na huko aendako harudi leo wala kesho. Ikipita Jumapili hiyo kinyongo kingali moyoni, basi kimepanda basi naye. Na Fundi, badala ya neno, analeta mbao!

"Meza nimeiona," Mwalimu alimwambia Jumatano. "Neno je?"

Fundi alikuwa na misumari mitano mdomoni, kama alivyozoea kubana pini. "Mmh," akasema.

"Ndiyo, tafuna chuma. Kumbe neno ndilo gumu kutafuna."

Kazi ilianza kwa kitambaa cha meza. Ndiyo, umesikia sawa. Kabla ubao haujakatwa hata mmoja, Fundi alikuwa ameshashona kitambaa cha meza, cha bluu, pindo limekunjwa mara mbili, pembe nne zimenyooka utadhani zimechorwa. Akakitandaza sakafuni akakizunguka, mikono nyuma. Ndipo ikabaki kazi ndogo tu ya kutafuta meza ya kuingia chini yake.

Kisha akapima watu. Alitoa tepu yake ya shingoni, akawaketisha mapacha mmoja mmoja, akapima kutoka sakafuni hadi gotini, kutoka gotini hadi kwenye kiwiko, upana wa mabega. Akaandika kwenye kile kitabu chake cha vipimo vya wateja, ukurasa mpya.

"Baba, meza ni meza," pacha mmoja alisema. "Kwani watu hupimwa?"

"Ndiyo maana watu hula wamejikunja. Wanavaa meza za kununua tayari."

Mwalimu naye alipimwa, akiwa amesimama jikoni, maana alikataa kukaa. Fundi alipima hivyo hivyo akatoa makadirio.

Jirani wao alikuwa seremala. Hilo ndilo lililomuuma Mwalimu kuliko yote. Upande wa pili wa ukuta mfupi kulikuwa na mtu mwenye randa tatu na miaka thelathini ya kutengeneza meza, hana hata kazi ya maana wiki hiyo, na alichokifanya ni kuleta kiti chake ukutani na kikombe cha chai, atazame.

"Shemeji," alimwita Mwalimu, "mume wako anashona nini leo?"

"Meza."

"Mikono mirefu au mifupi?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta, akajichukia kwa kucheka. "Si umsaidie, jirani?"

"Mimi? Kazi ya fundi mwenzangu siingilii mpaka aniite. Isitoshe, burudani kama hii hapa mtaani tutaipata wapi tena?"

Na Fundi hakumwita. Sikio la kufa halisikii dawa. Alichora mbao kwa chaki ya ushonaji, ile bapa, mistari mizuri ajabu, kisha akakata vidole viwili nje ya kila mstari. Seremala aliruka kutoka kwenye kiti.

"Ndugu yangu! Mstari si huo hapo?"

"Naacha akiba ya mshono."

"Akiba ya nini?"

"Ya kukunjia. Nguo ikikatwa kwenye mstari, ukishona inabana."

Seremala aliweka kikombe chini taratibu. "Ubao," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, "haukunjwi."

Fundi aliutazama ubao. Akautazama mstari. Miaka yote ya mkasi ilikuwa imemtembeza mkono, na mkono haukuuliza. Lakini alikuwa ameshakata mbao nne na miguu miwili, na fundi hakubali kosa mbele ya fundi wa kazi nyingine. "Utakunjwa," akasema, akaendelea. Ile miguu miwili iliyobaki, hata hivyo, aliikata kwenye mstari. Hesabu ya meza yenye miguu miwili mirefu na miwili mifupi, Mwalimu angeweza kuwafundisha darasa la pili.

Alhamisi ya wiki ya pili, ubao mmoja ulipinda kwa jua, maana ulikuwa mbichi. Ulijipinda katikati ukainua mgongo. Seremala akangoja aone. Mwalimu naye, aliyekuwa anaanika nguo, akasimama na shati linatona maji. Fundi akauzunguka ule ubao, akaugusa, akatikisa kichwa.

"Umekunjamana tu," akasema. Akaingia ndani akarudi na pasi.

Jamani! Alilowesha kitambaa, akakitandaza juu ya ubao, akapiga pasi. Mvuke ukapanda, mapacha wakapiga makofi. Na ubao, kwa kumkomoa Mwalimu, ukalegea ukakubali kulala kidogo. Fundi aliinua shingo akamtazama seremala juu ya ukuta, akasahau mkono wake ulikuwa wapi. Pasi ilipoinuliwa, katikati ya ubao palikuwa na alama ya kahawia, yenye ncha yake na mgongo wake mpana.

"Hiyo ni nembo," Seremala alisema. "Kila kampuni ina yake."

Ijumaa Fundi alishikiza meza nzima kwa misumari midogo isiyozama, kama anavyolipiga koti bandi, ile mishono ya muda, kabla ya kulishona, akawaita wote waje wajaribu. Waliketi, Mwalimu akiwa wa mwisho na wa kununa.

"Inabana wapi?" Fundi alimuuliza pacha wa kwanza.

"Haibani, Baba. Inayumba."

Iliyumba kweli. Fundi alipunguza ile miguu mirefu, akapunguza tena, na mmoja ukazidi kupungua. Hapo hakukata zaidi. Alichukua kipande cha kitambaa cha suti, akakijaza pamba, akaushonea mguu mfupi kiatu, chenye kamba na kifungo kimoja. Meza ikatulia kimya. Akatandika kile kitambaa cha bluu, kikaishia njiani pande zote, kama mtoto aliyevaa sare ya mwaka jana. Alama ya pasi angalau ilifichika.

"Wiki mbili," Mwalimu alimwambia walipobaki wawili. "Wiki mbili umekata, umepiga pasi, umeshona kiatu cha meza. Na kusema neno moja kumekushinda. Mtoto akija kesho kutwa, utamwonyesha kifungo?"

Fundi alikuwa anaokota vumbi la mbao kwenye nywele zake. "Wewe tulia," akasema.

"Mimi nimetulia. Mimi sina kosa la kunihangaisha."

Jumapili binti alikuja saa saba. Alikuwa amejaza mwili, amekata nywele, anatembea kama mtu anayengojwa na wagonjwa. Fundi ndiye aliyefungua mlango.

"Shikamoo, Baba Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita. Kiti chako kile, cha dirishani."

Kiti cha tano kilikuwa cha kuazima kwa Seremala. Binti akakaa, akaweka viwiko juu ya meza. Vilitua bila bega kupanda wala kushuka. Akamtazama Fundi, wote wawili wakacheka, na Mwalimu akiwa na sufuria mikononi hakuelewa kicheko hicho kimetoka wapi.

Alipakua. Alizunguka nyuma ya viti, akamwongeza huyu mchuzi, akamwongeza yule wali, akarudi jikoni kuleta chumvi ambayo hakuna aliyeiomba. Mapacha walimwuliza dada yao kuhusu sindano na damu. Fundi alikula. Alikula kwa raha! Mwalimu alikohoa. Fundi akamsogezea maji. Mwalimu akamkanyaga mguu, Fundi akausogeza. Mwisho akashindwa.

"Kuna mtu hapa ana neno la kusema," alisema akiwa amesimama, "au anangoja mpaka hizi mbao ziote majani?"

Fundi akaweka kijiko chini.

"Nilishasema," akajibu.

"Ulisema wapi? Kwenye randa?"

"Alinipigia simu, Mama," binti alisema. "Kesho yake tu, baada ya mimi kukupigia wewe. Aliniomba msamaha mpaka nikamwonea huruma. Alilia. Kisha akaniuliza nikiwa nimekaa, kiwiko changu kiko juu kiasi gani. Nikajipima kwa rula ya wodini."

Mwalimu alimgeukia mumewe. "Na hukuniambia?"

"Halikuwa neno lako," Fundi alisema polepole. "Lilikuwa lake."

"Basi yameisha," Mwalimu alisema haraka. "Tumshukuru Mungu. Nani anaongeza nyama?"

"Hayajaisha, Mama."

Binti hakupaza sauti. Alifuta mikono yake vizuri, kidole kwa kidole, kama alivyofundishwa kazini. "Baba Fundi alisema neno baya siku moja, na ameniomba radhi. Lakini si neno lake lililonitoa hapa. Mimi nilisimama na sahani yangu, nikakuangalia wewe. Nilikuwa nangoja useme kitu. Chochote. Ukaenda kupakua."

Ulimi wa Mwalimu haukuwahi kulala njaa. Siku zote ulipata la kutafuna, na mara nyingi lilikuwa Fundi. Sasa aliutafuta, akapata kitu kimoja tu. "Mapacha walikuwa na njaa," alisema.

"Na mimi?"

Mapacha waliinamia sahani zao. Fundi hakumtazama kwa ushindi, na hilo lilimuumiza Mwalimu kuliko kama angetazama. Kwa miaka mitatu alikuwa amembeba mume huyu mdomoni kama ushahidi. Kwa miaka mitatu kila mtu aliyemsikiliza aliambiwa ni nani aliyemfukuza mtoto.

"Kaa kwanza, Mama," binti alisema. "Kila siku unazungumza nasi umesimama."

Mwalimu akakaa. Hakuzoea kuzungumza kutoka chini vile, na meza ilimfika kifuani, kwa kuwa alipimwa wima. Alishika ukingo wake kwa mikono miwili.

"Niliogopa," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, si ile ya darasani. "Nilishakaa peke yangu na wewe miaka saba, hatuna mtu. Nikaogopa nikifungua mdomo ataondoka, nirudi kule kule. Kwa hiyo nikanyamaza, nikakuacha wewe ndiye ubaki peke yako. Nilijua. Siku ile ile nilijua. Nisamehe, mwanangu."

Alilia bila kujifunika uso. Binti alimwacha alie. Baada ya muda alinyoosha mkono juu ya kile kitambaa kifupi, akamshika mama yake kifundo cha mkono.

"Hilo ndilo nililolifuata," akasema. "Si meza; ningekula popote." Na hakumwachia, hata mapacha walipoanza kutoa vyombo.