Chupa ya Vitamini ya Shangazi

Wewe unayesoma hapa unaye mtu mpweke kama shangazi yangu nyuma ya ukuta wako, na ukimwona unageuza uso. Usibishe. Kitanda cha shangazi yangu kiligonga ukuta asubuhi nzima, na majirani wakaongeza sauti ya redio. Watoto wao walipougua surua, nani aliwabeba mgongoni? Wao wamesahau. Mimi sisahau.

Nilimkuta amelowa jasho, anatetemeka taya hadi vidole, akiongea na marehemu mumewe. Duka la dawa lilimuuzia vidonge vikali vya maumivu ya mgongo bila kumuuliza anameza nini kingine. Waulize ya nini, na pesa imeshaingia kwenye droo?

Hospitalini daktari aliuliza. Nikampa chupa niliyoiokota kando ya kitanda: vitamini, basi. Akausukuma wayo wa shangazi kuelekea juu, mguu ukaanza kudunda wenyewe, haukomi.

"Vitamini haifanyi hivi," akasema. "Nani anamjua mama huyu?"

Ukoo wetu wote ule, na hakuna ajuaye anameza nini. Nikamwinamia shangazi, nikamuuliza tena na tena mle chupani mna nini, mpaka macho yake yakatulia kidogo.

"Dawa za huzuni, baba. Nilizihamishia humo, wageni wasije wakanisema."

"Wageni gani, shangazi?"

Akafikiri. "Kweli," akasema. "Hakuna aliyekuja."

Daktari akasimamisha dawa zote mbili. Zikikutana, alinieleza, serotonini, ile kemikali ya ubongo, hufurika mwilini, mishipa ya fahamu ikawaka mpaka mtu anaungua. Akampa dawa ya kutuliza misuli, kisha kidonge cha zamani cha mzio, ambacho huziba vipokezi serotonini isipate pa kushika. Nimesoma tangu hapo, kamusi mkononi: watafiti bado wanabishana kidonge hicho kinasaidia kiasi gani, maana wagonjwa wengi hupita bila kutambuliwa. Watatambuliwaje, ikiwa mtu anatetemekea peke yake?

Jioni mguu ulitulia. "Mguu umecheza muziki ambao mwenyewe sikuusikia," shangazi akanitania, halafu akageukia ukutani. Wanamruhusu karibuni. Arudi kwa nani?

Inuka. Kagonge mlango wa huyo wako, ingia, keti, muulize anameza nini na tangu lini halali. Usingoje Jumapili. Nenda sasa hivi.