Barua ya Yahaya Kutoka Kisumu

Miaka mitano Mwaija alimpikia Makame, akamfulia kanzu, akiamini kwamba mume wake wa kwanza alimtupa. Aliamini hivyo kwa sababu Makame mwenyewe ndiye aliyemsomea barua.

Ilikuwa mwaka hamsini na sita. Yahaya alikuwa amepanda meli kwenda Kisumu kupakua mizigo bandarini, akaahidi kurudi kabla ya mfungo. Hakurudi. Ikaja barua. Mwaija hakujua hata a, akaipeleka kwa Makame, karani mstaafu aliyewasomea na kuwaandikia watu barua kwenye baraza moja mjini Mwanza. Makame akavaa miwani, akakohoa, akasoma: "Nimeoa huku. Nimekupa talaka tatu. Usinitafute."

Mwaija hakumwandikia Yahaya jibu. Alilia mpaka sauti ikamkauka, akaitupia barua chini ya sanduku la nguo. Eda ilipokwisha, Makame akaleta posa.

Mwaka uliofuata uhuru, serikali ilifungua kisomo cha watu wazima mtaani kwao Kirumba. Mwalimu alikuwa Bernadetta, binti wa Kihaya asiyependa mchezo.

"Ngumbaru wasome nini?" Makame alicheka. "Kama wanafundisha kushona, nenda."

Kweli walishona, kila Jumatano. Siku nyingine walisoma, na hilo Mwaija hakulisema nyumbani. Alitaka kumshangaza mumewe siku atakayopewa cheti.

Siku moja Mwalimu akawaambia walete maandishi yoyote ya nyumbani, hata karatasi ya sabuni. Mwaija akaleta ile barua. Alitaka kuliona neno talaka kwa macho yake. Akalitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari. Halikuwemo.

"Mke wangu Mwaija," barua ilisema, "nimelazwa hospitali, kifua kimenibana. Njoo upesi. Nikipata wa kuniuguza nitapona."

Barua ya kwanza aliyoandika Mwaija maishani ilikwenda kwenye hospitali ile. Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Yahaya alifariki Februari, mwaka hamsini na saba. Hakuna ndugu aliyefika. Februari hiyo Mwaija alikuwa na mwezi mmoja tu nyumbani kwa Makame, hina bado haijamtoka miguuni.

"Twende polisi, dada," Bernadetta alimwambia.

"Polisi watamficha ndani, Mwalimu. Mimi nataka watu wamwone."

Jioni ile alimpikia Makame sato, akakaa akimtazama anavyochambua miiba. Kesho yake darasani akainakili barua mara kumi na moja, nakala moja kwa kila mwanafunzi mwenzake.

Jumapili alasiri wanawake hao walijaa uani kwa Makame. Alikuwepo pia Shehe Ally, aliyewafungisha ndoa akitegemea barua ile jinsi Makame alivyomsomea, maana yeye alizijua herufi za Kiarabu tu. Makame akadhani wageni wamekuja kuonyesha vitambaa. Mwaija akamwekea barua mapajani.

"Nisomee tena, bwana. Nimeisahau."

Makame akamtazama, akamtazama na Shehe. Hakuwa na njia ya kubadilisha. "Nimeoa huku," akasoma, sauti laini kama ya siku ile. "Nimekupa talaka tatu..."

"Tereza," Mwaija akamkatiza, "barua inaanza na neno gani?"

Tereza, muuza dagaa, akainua karatasi yake. "Mke."

"Wangu," akasema Sada aliyekaa kando yake.

Wakaendelea hivyo, kila mwanamke neno lake, mpaka wakafika kwenye njoo upesi. Makame alikuwa amevua miwani.

"Makame!" Shehe alisimama. "Ulinifanya nikuozeshe mke wa mtu! Hapa hapakuwa na ndoa."

"Nilimpenda," Makame akanong'ona. "Shetani alinipitia."

Mwaija akamtupia daftari na kalamu. "Andika ulichofanya."

Akaandika. Mwaija akasoma polepole, kidole juu ya karatasi. "Hapa umeandika nilikosea. Futa. Andika nilidanganya." Makame akafuta. "Na hapa umeandika mumewe. Alikuwa na jina. Andika Yahaya."

Karatasi ile ilipigiliwa msumari kwenye nguzo ya baraza lake la kazi. Mwaija alihamia kwa Tereza. Wazee wakaja na mbuzi kumwombea Makame msamaha. Mwaija akawarudisha na mbuzi wao. Baada ya siku kumi Makame akahamia Kisesa, ambako hakuna aliyemjua, akaweka meza mpya karibu na soko.

"Imetosha sasa, dada," Bernadetta akasema.

"Kwako wewe imetosha, Mwalimu."

Jumamosi akapanda basi na nakala nyingine ya karatasi ile. Kisesa soko lilikuwa limejaa. Makame alimwona tangu mbali, akaanza kukusanya kalamu zake. Mwaija akasimama mbele ya meza, akaikunjua karatasi.

"Nani hapa hajui kusoma?" akauliza kwa sauti kubwa. "Asogee karibu nimsomee."