Miti Ishirini na Mitatu na Mtu Mmoja

Noeline, Mganda jirani yetu wa mlango wa pili pale Hagsätra, Stockholm, anasema alisimuliwa na mtu aliyeona kwa macho yake. Anasema mimi nilisimama Spånga nyuma ya mti, kwenye theluji, robo saa nzima, kamera imeelekea kituo cha basi. Samwiri, Mganda mwenzake, alipokuja kungoja basi nikampiga picha moja, halafu nikatoa kalamu nikaandika saa. Anasema picha ile ilisafiri mpaka Kampala, na wiki tatu baadaye watu wenye bunduki wakaenda nyumbani kwa Bethuel, mdogo wake Samwiri, wakamchukua akiwa na kandambili miguuni. Mpaka leo hajulikani alipo.

Hilo la kandambili ni la kweli, liliandikwa kwenye barua ya mama yao. Mengine Noeline aliyapanga mwenyewe. Lakini aliyapanga vizuri, na mwaka ule wa 1984 sikumjua Mganda wa Stockholm ambaye hakuwa na mtu wa kumhofia nyumbani. Wakimbizi walikuwa wakiamini kwamba kati yao yupo anayepeleka majina kwa serikali ya nyumbani. Walikuwa wanamtafuta tu.

Mimi nilikuwa napiga picha miti.

Nilifika Sweden kama yaya wa familia moja ya Kitanzania. Wao wakarudi, mimi nikabaki. Kevina nilimkuta kwenye kazi ya kusafisha ofisi kule Farsta. Ni Mganda, amenizidi miaka minane, namwita dada. Aliposikia sina pa kulala alinipa sebule yake, akaniambia, "Kochi halina maneno, wala mimi sina." Tangu hapo tukawa tunatoka pamoja asubuhi Hagsätra, tunabadilisha treni Gullmarsplan, tunakwenda Farsta. Yeye alikuwa anasinzia njiani. Mimi nilikaa dirishani.

Baridi yangu ya kwanza nilidhani miti yote imekufa, nikawa nashangaa mbona watu hawaikati kuni. Mwezi wa tano ikaanza kuchipua. Kuna asubuhi nilibandika uso kwenye kioo nikiangalia kijani kile, mpaka tukapitiliza kituo, Kevina akaamka akaniuliza kama naota. Hapo ndipo nilipoanza kuifuatilia mmoja mmoja. Karibu na Gullmarsplan kulikuwa na mmoja ulioota kwenye ufa wa mwamba, udongo hauonekani, na mwezi wa tisa ukajaa matunda madogo mekundu mpaka matawi yakainama. Kabla ya Farsta kulikuwa na mwingine peke yake uwanjani, shina limejipinda kama shuka linalokamuliwa. Kevina aliniambia huo ndio mwaloni wa kwenye Biblia. Jina nilikuwa nimelisoma, sikujua kama mti wenyewe upo bado duniani.

Kamera niliipata kwenye mnada wa vitu vikuukuu wa kanisa. Ndogo, ndefu kama kipande cha sabuni ya kufulia. Filamu moja picha ishirini na nne, kwa hiyo sikuwa napiga ovyo. Nilishuka kituoni, nikasimama, nikangoja watu wapite wote mpaka mti ubaki peke yake. Mara nyingine treni tatu zilipita nikiwa nimesimama. Mtu akiwa kwenye picha, macho yanamkimbilia mtu, mti hauonekani tena.

Na nyuma ya kila picha niliandika. Nilipokuwa darasa la sita kule Tarime, mwalimu Damian alinikabidhi kipimo cha mvua cha shule. Kila siku saa tatu asubuhi nilikwenda bustanini nikasoma, nikaandika kwenye daftari tarehe, saa, mvua kiasi gani. Mpaka namaliza la saba sikuruka siku. Mkono ukazoea. Kwa hiyo miti nayo niliiandikia hivyohivyo, kituo, tarehe, saa, baridi nyuzi ngapi.

Noeline alikuja siku moja kuazima pasi, akakuta bahasha ya picha mezani. Akaomba kuona.

"Huyu nani?" akauliza kwenye ile ya kwanza.

"Ni mti, dada."

"Mti nauona. Nauliza mtu."

"Hakuna mtu."

Akaniangalia, akaenda ya pili, ya tatu. Aliisogeza karibu na macho kila moja, anatafuta nyuma ya shina, anatafuta madirishani kule mbali. "Umepoteza filamu nzima kwa hii miti isiyo na mtu?" Akageuza nyuma, akasoma mwandiko wangu. Akazipitia zilizofuata akigeuza nyuma ya kila moja. Kwenye ile ya kumi na saba akamwona.

"Huyu si Samwiri?"

Alikuwa mdogo kama ukucha, pembeni kabisa, kwenye kituo cha basi, na kofia yake ya manyoya na koti la kahawia. Noeline akageuza. *Spånga, 11 Februari 1984, saa saba na dakika ishirini mchana, nyuzi tisa chini ya sifuri.* Akaondoka na bahasha yote. Pasi aliisahau.

Picha ile ya Spånga sikuipiga mimi.

Ilikuwa Jumamosi. Nilimsindikiza Kevina kusukwa kwa Mueni, Mkenya mmoja anayekaa kule. Kevina alitoka na kichwa kipya, anacheka, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu Krismasi. Mbele ya stesheni kulikuwa na mti mweupe maganda, theluji imeshika upande mmoja tu, upande wa pili mkavu, kama umepakwa chokaa nusu. Nikatoa kamera, nikaanza kungoja.

"Lete na mimi nijaribu," Kevina akasema. "Kila siku wewe tu."

"Subiri, dada, kuna mtu pale kituoni."

"Aa, mtu mwenyewe yuko mbali kama nzi." Akabonyeza.

Mimi nikaandika saa kwenye karatasi, kama kawaida yangu. Hakuna kati yetu aliyemtambua mtu yule.

Kevina nilimsimulia habari ya Noeline jioni ya siku ileile alipoondoka na bahasha. Alikuwa jikoni anakoroga uji wa mtama. Hakugeuka. "Atazirudisha," akasema. Nikajua anachofikiria. Mumewe alikuwa bado Kampala, analala leo kwa huyu kesho kwa yule, na ofisi ya wageni huku ilitaka barua ya mtu anayemfahamu, wa kushuhudia kwamba anatafutwa kweli na serikali. Mtu huyo alikuwa Samwiri. Barua ilikuwa imeandikwa tayari. Ilikuwa inangoja sahihi yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tuliitwa kwenye chumba cha chini ya kanisa huko Farsta, pale Waganda wanapokunywa chai. Ilikuwa Aprili lakini nje theluji chafu ilikuwa bado imelala pembeni mwa njia, na miti haijachipua. Walikuwa watu kama kumi. Noeline alikaa karibu na mlango. Onyango, Mkenya aliyeoa Mganda, alijaribu kuchangamsha.

"Jamani, hata kwetu Siaya mpiga picha akija kupiga ng'ombe, ng'ombe anatafutiwa mtu wa kumshika kamba. Huyu binti kwao wanafanyaje?"

Wawili watatu wakacheka kidogo, wakaacha.

Samwiri kwao alikuwa mwalimu mkuu. Hapa anaosha masufuria kwenye hoteli. Alizipanga picha mezani kwa mistari, kama karatasi za mtihani, akaniambia, "Binti, keti." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Hizi ni zako?"

"Ni zangu, Mwalimu."

"Na mwandiko?"

"Wangu."

"Mwandiko mzuri. Nani alikufundisha kuandika saa?"

"Mwalimu wangu wa shule ya msingi. Nilikuwa naandika mvua."

"Mvua," Noeline akadakia. "Spånga mwezi wa pili kulikuwa na mvua?"

Nikajieleza. Nikasema filamu niliipeleka dukani mwezi wa tatu, picha zikatoka tarehe ishirini, imegongwa muhuri kwenye bahasha, na Bethuel alichukuliwa tarehe tatu ya mwezi huohuo. Picha isiyosafishwa itamfikiaje mtu Kampala? Samwiri akaiinua bahasha, akasoma muhuri, akairudisha mezani polepole.

"Tarehe nimeiona," akasema. "Lakini mimi nasugua masufuria siku nzima najiuliza ni nani. Nikimtazama kila mmoja wenu najiuliza. Mama ananiandikia ananiuliza mimi. Sasa naomba kitu kimoja tu. Siku hiyo ya Spånga ulikuwa na nani?"

Kevina alikuwa amesimama kwenye meza ya chai, sinia la vikombe mbele yake. Nikamtazama. Kungoja nakujua, ni kitu ninachokijua kuliko vyote. Nilingoja kama nilivyozoea kungoja kituoni, watu wapite, nafasi ipatikane. Akatia sukari kwenye kikombe. Akatia tena kwenye kikombe kilekile. Akachukua kijiko akaanza kukoroga, na kijiko kilisikika chumba kizima.

"Peke yangu, Mwalimu," nikasema.

Baada ya hapo wakaanza kuongea Kiganda. Mimi na Onyango ndio tuliokuwa hatuelewi, na Onyango alikuwa anaangalia viatu vyake. Jina langu lilipita mara kadhaa, "Wambura", "Wambura", na baadaye jina la Kevina, na sauti yake akijibu kwa ufupi. Noeline akanigeukia akarudi kwenye Kiswahili ili nisikie. "Kiswahili chako safi. Hata wale askari kule Kampala walitujia na Kiswahili safi."

"Noeline, basi," Samwiri akasema.

Akakusanya picha, miti yote, ule wa kwenye mwamba na mwaloni na mingine, akazitia kwenye bahasha pamoja na negativu, akaweka ndani ya koti lake la kahawia. Akaniambia nisije tena pale mpaka mambo yaeleweke. Akasema samahani. Nikamwambia asante, sijui kwa nini.

Tukatoka mimi na Kevina. Kwenye treni tukakaa tukielekeana, magoti karibu yagusane. Saa tisa mchana lakini mwanga ulikuwa kama wa maji ya kuoshea vyombo. Baada ya vituo viwili Kevina akasema.

"Mueni ana chumba kimoja kitupu."

"Najua."

"Kwa muda tu. Mpaka maneno yapoe. Usidhani nakufukuza."

"Sijadhani, dada."

"Noeline yupo mlango wa pili, anaona nani anaingia nani anatoka. Wakisema unalala kwangu..." Akaacha. "Samwiri anatia sahihi Alhamisi."

"Najua. Nitahama Jumatano."

Akainamisha kichwa. Nilimwona anataka kulia lakini kando yetu alikuwa amekaa mama mmoja wa Kiswidi na mbwa wake, kwa hiyo akajizuia. Nikaangalia nje. Niligundua kwamba tulikuwa tumeshaupita uwanja wa mwaloni na sikuwa nimeangalia.

"Dada," nikasema, "na mimi nina ombi. Si leo, wala si wiki hii. Atie sahihi kwanza. Shemeji aje, afike salama, mkae, hata ikiwa ni mwaka kesho. Baada ya hapo umwambie Samwiri ni nani aliyebonyeza. Umwambie yeye peke yake, asiwepo mtu mwingine. Noeline aendelee kusema anachosema. Ila yule baba asiwe ananikumbuka mimi kila akisugua sufuria. Utamwambia?"

Treni ikaingia Gullmarsplan. Mama yule akamvuta mbwa wake akatupisha. Kevina akasimama, akafunga vifungo vya koti mpaka kile cha juu kabisa ambacho huwa hakifungi, akashuka mbele yangu. Tulisimama jukwaani tukingoja treni ya Hagsätra. Upepo ulikuwa unapita. Ubao ukaonyesha dakika sita, halafu tano.

"Dada Kevina," nikasema. "Utamwambia?"

Alikuwa anaangalia kule treni inakotokea.