Kuku wa Ukurasa wa Tisa

Mwalimu Namalwa aliutambua mwandiko kabla hajasoma hata sentensi moja. Herufi zilisimama wima kama askari wa gwaride, na kila mstari ulikomea mahali pamoja upande wa kulia, kana kwamba umekatwa kwa kisu. Mwandiko huo aliunakili kwa miaka minne katika shule ya Rongai, wakati baba yake alipokuwa akifanya kazi ya kukarabati njia ya reli huko, na viboko kadhaa alivila kwa sababu yake. Mwenye mwandiko alikuwa Mwalimu Micah Kiprugut.

Bahasha ilitoka ofisi moja ya vitabu huko Nairobi. Ukurasa wenye jina la mwandishi ulikuwa umeondolewa, kama walivyofanya kila mara. Tangu mwaka uliotangulia, 1956, ofisi hiyo ilikuwa ikimletea miswada ya hadithi mpya za watoto, awasomee wanafunzi wake wa darasa la nne hapo Nakuru, kisha aandike ripoti: watoto wamecheka wapi, wameuliza nini, wamechoka wapi. Hadithi haikupelekwa kwa mpiga chapa mpaka watoto wameisikia.

Namalwa aliipenda kazi hiyo kuliko zote alizopewa. Vitabu vya kusomea vilivyokuwa kabatini vilisimulia watoto wanaorushiana theluji na bibi wanaofuga paka ndani ya nyumba. Wanafunzi wake, wengi wao watoto wa wafanyakazi wa reli, walivisoma kwa adabu, kama mtu anavyokula chakula cha hospitali. Sasa hapa palikuwa na watu walioandika kuhusu Molo na Kisumu, kuhusu mashamba ya pareto na magari ya moshi, na yeye, mwenye miaka ishirini na minne, ndiye aliyekuwa mmoja wa wasomaji wa kwanza.

Siku ile aliketi kwenye kizingiti cha nyumba yake baada ya masomo, akaanza kusoma. Mswada uliitwa *Yosia, Mtoto Mtiifu*, na ulikuwa na kurasa arobaini. Yosia aliamka mapema. Yosia alinawa uso. Yosia aliomba, akasalimia wazee, akachota maji bila kutumwa. Kufikia ukurasa wa nane Yosia alikuwa hajakosea jambo lolote, na Namalwa alikuwa amepiga miayo mara tatu.

Ukurasa wa tisa, mama alimtuma Yosia ampelekee shangazi yake kuku. Njia ilipita stesheni. Hapo kamba ikakatika, kuku akaruka akaingia ndani ya behewa la gari la mizigo, gadi akapuliza filimbi, na gari likaondoka na kuku. Yosia alikimbia kando ya reli mpaka pumzi zikamwishia. Yalikuwa maneno ya nusu ukurasa tu. Ukurasa wa kumi Yosia alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake akiomba msamaha, na kuanzia hapo mpaka mwisho yalikuwa mawaidha.

Jumatatu aliwasomea watoto. Ulikuwa mwezi wa pili, kiangazi kikali, na upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi jeupe kutoka ziwani, kwa hiyo madirisha yalifungwa na darasa likawa na joto la jikoni. Kwenye ukurasa wa nne, mtoto mmoja wa nyuma alilala. Kwenye ukurasa wa sita, Kemboi, aliyekuwa na miaka kumi na hakujua kukaa kimya, aliomba ruhusa ya kwenda nje, na watano wengine wakakumbuka kwamba nao walitaka kwenda nje. Lakini alipofika ukurasa wa tisa, Namalwa alisikia darasa likinyamaza kwa namna nyingine kabisa. Hata yule aliyelala aliinua kichwa.

Akoth, binti wa fundi wa injini za gari la moshi, aliinua mkono.

"Mwalimu, kuku ameenda wapi?"

"Hadithi haijasema."

"Itasema mbele?"

Namalwa alijua haitasema. "Tusikilize," alijibu.

Alisoma kurasa zote arobaini. Alipofunga na kuuliza kama kuna swali, mikono yote ilikwenda juu, na swali lilikuwa moja tu. Kuku alienda wapi?

Ripoti ilimsumbua siku mbili. Mwalimu Micah hakuwa mtu wa kawaida kwake. Namalwa alipomaliza darasa la nne, baba yake alisema inatosha, msichana akae nyumbani asaidie. Mwalimu Micah alikwenda nyumbani kwao akasimama mlangoni na kofia yake mkononi, akakataa kiti, akakataa chai, mpaka baba akakubali aendelee. Bila siku ile, Namalwa asingekuwa na ubao wala chaki. Sasa mtu huyo ameandika kitabu, labda kitabu pekee atakachoandika maishani, nacho kimewapeleka watoto usingizini.

Mara ya kwanza aliandika: "Hadithi hii ina mafunzo mazuri." Aliiangalia sentensi ile kwa muda mrefu. Ilikuwa kweli, na haikusema kitu. Alikumbuka jinsi Mwalimu Micah alivyomwadhibu aliposema amesoma sura nzima na kumbe amesoma nusu. Akaichana karatasi, akaandika upya:

"Watoto hawakuipenda hadithi hii. Imewachosha. Yosia hafanani na mtoto yeyote wanayemjua. Isipokuwa ukurasa wa tisa. Hapo waliamka wote, na mpaka leo wananiuliza kuku alienda wapi. Mwandishi anajua kuandika. Ameonyesha hivyo kwa nusu ukurasa. Namwomba aandike kurasa arobaini za namna hiyo."

Akaitia ndani ya bahasha na kuipeleka posta mwenyewe, asije akabadili nia.

Wiki tatu zikapita. Ijumaa moja asubuhi, Mwalimu Micah Kiprugut alishuka kutoka gari la moshi la Rongai, akatembea mpaka shuleni, akasimama mbele ya mlango wa darasa la nne. Koti lilikuwa limefungwa vifungo vyote licha ya joto. Mkononi alishika karatasi ambayo Namalwa aliijua vizuri.

"Karibu, Mwalimu," Namalwa alisema.

"Waliniletea hii bila jina. Ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Najua ni yako. Mkono huu niliufundisha mimi. Hii 'g' nilijaribu kuinyoosha miaka minne, ikanishinda." Alikunja karatasi. "Na wewe uliujua mwandiko wangu?"

"Niliujua kabla ya kuanza kusoma."

"Na bado ukaandika hivi."

"Ndiyo, Mwalimu."

Viganja vyake vilimwasha kama zamani, lakini hakuinamisha macho. Mwalimu Micah alimtazama, kisha akatazama juu ya bega lake, ndani ya darasa, ambako watoto arobaini na wawili walijifanya wanahesabu.

"Labda hukuisoma vizuri," alisema. "Nipe darasa lako."

"Darasa ni lako, Mwalimu."

Alitoa mswada kwenye koti akasoma mwenyewe, amesimama, kwa ile sauti iliyokuwa ikisikika mpaka uwanjani Rongai. Alisoma vizuri kuliko Namalwa. Na bado, kwenye ukurasa wa tano, kichwa cha mtoto wa nyuma kilianza kushuka polepole mpaka kikagusa dawati. Mwalimu Micah alikiona. Alifuta miwani yake kwa leso, akaendelea. Alipofika kwenye kuku, watoto waliokuwa wameisikia hadithi hiyo tayari walisogea mbele kwenye mabenchi yao. Aliliona hilo pia.

Akoth alisimama bila kungoja kuruhusiwa. "Mwalimu mgeni, kuku alienda wapi?"

"Kuku si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba Yosia alijifunza."

"Lakini alienda wapi?"

Mwalimu Micah aliweka mswada mezani.

"Sijui," alisema mwishowe. "Sikumwona tena."

Hakusema Yosia hakumwona. Alisema yeye hakumwona. Namalwa alilisikia neno hilo, na watoto nao walilisikia.

"Alikuwa kuku wako?" Kemboi aliuliza.

Hapo Mwalimu Micah alifanya jambo ambalo Namalwa hakuwahi kumwona akilifanya mbele ya wanafunzi. Alivuta kiti, akaketi.

"Alikuwa wa mama yangu," alisema. "Mwekundu, shingo haina manyoya. Nilikuwa na miaka kumi, na reli ilikuwa ngeni kwetu. Nilisimama kutazama injini, kamba ikakatika. Lile behewa lilikuwa limebeba chumvi kwenda juu, Eldoret. Nilikimbia, sikulifikia. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kuku amechukuliwa na mwewe."

"Ulidanganya!" Darasa zima lilipiga kelele kwa furaha kubwa.

"Nilidanganya," alikubali, na kitu kikamtikisa mabega. Ilimchukua Namalwa muda kidogo kutambua kwamba mwalimu wake anacheka.

Kuanzia hapo hakuna aliyepiga miayo. Akoth, ambaye baba yake alikuwa akitumwa kwenye njia ile kutengeneza injini, alisema gari la moshi likitoka Rongai husimama Visoi, na hapo kuku angeweza kushuka. Kemboi alisema hapana, mlango ungekuwa umefungwa, angefika mpaka Timboroa, na Timboroa kuna baridi mpaka nyasi zinakuwa nyeupe asubuhi. Mwingine akasema angetaga humo humo ndani, kwenye magunia. Mwingine akauliza, je, Yosia akimfuata? Akipanda gari linalofuata bila tiketi?

"Yosia hawezi kupanda bila tiketi," Mwalimu Micah alisema haraka.

"Kwa nini?" watoto waliuliza.

Alifikiri. Kisha akatoa penseli kwenye mfuko wa koti, akageuza ile ripoti ya Namalwa, na nyuma yake akaanza kuandika. "Mmoja mmoja," alisema. "Visoi kuna nini?"

Aliondoka na gari la alasiri. Langoni alimpa Namalwa mkono, akasema, "Nitapeleka mswada mwingine Nairobi. Ukija kwako, usinihurumie."

Mswada wa pili ulifika mwezi wa saba. Namalwa aliusoma darasani, na watoto walisema Yosia anasali sana akiwa Visoi mpaka gari linamwacha. Aliandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Wa tatu ulifika karibu na Krismasi. Huo aliusoma mara moja, kisha wakamfanya ausome tena, na alipomaliza mara ya pili Akoth alisema, "Huu wapige chapa." Namalwa aliandika maneno hayo matatu na hakuongeza mengine.

Kitabu kilitoka Agosti mwaka uliofuata. Kilikuwa chembamba, jalada la kijani, na juu yake kuku mwekundu amesimama kwenye mlango wa behewa, nyuma yake milima. *Kuku Aliyefika Timboroa. Kimeandikwa na Micah Kiprugut.* Vilikuja vitabu thelathini, vimefungwa kwa karatasi ya kaki, na Namalwa alipovifungua, harufu ya wino mpya ilijaa darasani.

Wakati huo Akoth na wenzake walikuwa darasa la tano. Mapumziko yalipofika walijazana kwenye dirisha la darasa la nne, wakiwasikiliza wadogo zao wakisoma kwa sauti.

"Hapo!" Akoth alisema. "Hapo pa Visoi ni mimi nilisema."

"Na baridi ni yangu," Kemboi alisema.

"Waongo," mtoto wa darasa la nne alijibu kutoka ndani. "Kitabu kimeandikwa na mwalimu wa Rongai."

"Muulize basi!"

Walipata nafasi ya kumwuliza siku ya wazazi. Mwalimu Micah alikuja na koti lake, akaombwa asome mbele ya watu. Alisoma sura ya Timboroa, na wazazi walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Makofi yalipotulia, alimwita Namalwa asimame. Namalwa alisimama, akishindwa kujua aiweke wapi mikono yake.

"Mnamwona huyu?" Mwalimu Micah alisema. "Nilimfundisha mimi, pale Rongai. Hadithi yangu ya kwanza alisema ni mbaya. Ya pili alisema bado. Nimefundisha miaka ishirini na miwili, na sijafundisha mwingine kama huyu." Kisha akawaita watoto wa darasa la tano wasimame nao, wote, na akakiri mbele ya wazazi wao kwamba Visoi ni ya Akoth na baridi ni ya Kemboi. Baba yake Akoth, bado amevaa ovaroli ya kazini, alipiga makofi peke yake muda mrefu baada ya wengine kunyamaza.

Wiki iliyofuata bahasha nyingine ilifika kutoka Nairobi, nene kuliko zote. Ndani yake mlikuwa na miswada mitatu. Mara hii haikuandikwa jina la Namalwa. Iliandikwa: *Kwa Wasomaji, Darasa la Nne, Nakuru.*

Darasa la nne walisema ni yao, kwa kuwa wao ndio darasa la nne. Darasa la tano walisema wasomaji wanaotajwa ni wao, na kila mtu anajua. Ugomvi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Namalwa aliwaita wote ndani, wakabanana watatu watatu mahali pa wawili, wengine sakafuni. Akangoja mpaka wakanyamaza, akakata uzi, akafungua ukurasa wa kwanza wa mswada wa juu.

Huo waliukataa. Ile mingine miwili waliipenda.