Tole Inayolia Kama Risasi

Siku ya mardi, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, tole, lile bati la juu ya camionnette yangu ya zamani, ililia «pwaa!» mbele ya barrière ya askari. Ilikuwa imelegea, maana siye madereva wote tunapakia magunia ya samaki juu ya cabine. Askari mumoja akafikiri ni risasi, akapiga. Muke wangu Kaswera, aliyeketi kando yangu, akafia pale.

Wakubwa wa askari walisema ni accident. Shimo la njiani lililorusha gari hata tole ikalia, hawajalijaza mpaka leo. Barrière yao tu ndiyo wanaitengeneza.

Leo niko mtaani Nyakasanza kwa fundi wa magari Vital. Amebandika vyuma viwili vyembamba chini ya tole na colle, gundi ya chuma, katikati akaweka kipande cha blanketi.

«Usisoudé, usiunganishe na moto,» nilimwambia alipoanza kazi. «Moto utaikunja.»

«Muzee, fundi ni weye ao ni miye? Acha kutetemeka, utanitikisia colle.»

Colle ilipokauka akasema, «Piga.»

Nikapiga ngumi juu. Kimya. Nikapiga tena, kwa nguvu. Kimya.

Lakini humu garage tole ni baridi. Kule barrière jua litaichoma, na tole ikipata moto inacheza, inaweza kulia tena.

Binti yangu Plamedie, ambaye sasa anafanya biashara ya samaki ya mama yake, alikuwa amekwisha kupanda gari. Tunaenda Mahagi-Port kuchukua samaki, na njia ingine isiyopita kwa barrière ile haiko. Niliwasha moteur.

«Papa,» akaniuliza, «ikilia tena, niiname ao niinue mikono?»