Litania Chumbani kwa Bibi Gjyste

Bibi Gjyste alikuwa mtu wa kuchagua. Alichagua maharage punje kwa punje, alimchagulia mwanawe mke, na ulipofika wakati wa kufa alichagua asubuhi ya foleni ya maziwa, mtaa mzima uko macho, ili habari isichelewe. Lakini jambo alilochagua mwisho kabisa ndilo lililomfanya mkwe wake Drande asimame jikoni ameshika birika tupu, asijue amelishika la nini.

Gjyste alitaka azikwe na litania ya Bikira Maria, yale maombi ya kumwita kwa majina yake, jina kwa jina, watu wakiitikia "utuombee".

Ungekuwa mji mwingine, au mwaka mwingine, hilo ni ombi la kawaida kama kuomba shuka safi. Lakini hii ilikuwa Shkodër, na miaka kadhaa ilikuwa imepita tangu serikali itangaze kwamba nchini Albania Mungu hayupo. Kanisa kuu lilikuwa limegeuzwa ukumbi wa michezo. Kanisa dogo la Mama wa Shauri Jema, lile la chini ya ngome, lilibomolewa mpaka msingi. Padre wa mwisho waliyemfahamu alikuwa kifungoni akichimba shaba milimani, kama bado alikuwa hai. Na majira ya kuchipua yaliyopita, fundi cherehani wa ng'ambo ya kichochoro alipakiwa kwenye lori pamoja na mkewe, watoto na godoro moja, wakapelekwa mabwawani kusini, kwenye mabanda na mbu, kwa sababu mtoto wao wa darasa la kwanza alimwambia mwalimu kwamba bibi amepaka mayai rangi nyekundu ya Pasaka. Nyumba yao ilipewa watu wengine hata kabla jiko halijapoa.

Drande alikuwa na binti wa darasa la kwanza pia. Lile lori alilisikia usingizini.

Ombi lenyewe Gjyste alilitoa wiki mbili kabla, Drande akimchana nywele. Drande alimwambia mama, hilo haliwezekani, utatumaliza. Gjyste akamjibu kwamba yeye si shujaa, na kila mtu anajua: aliogopa panya, aliogopa radi, aliogopa hata kikohozi cha mjumbe wa mtaa. Lakini mumewe alipokamatwa, yeye alisimama nje ya ukuta wa gereza na kikapu cha chakula msimu mzima wa baridi, walinzi wakimtukana, na kitu pekee kilichomzuia asikimbie kilikuwa yale majina ya Mama Maria. Nyota ya asubuhi. Nyumba ya dhahabu. Mnara wa Daudi.

"Mwanangu, mimi sikuwa na miguu siku zile," alisema. "Nilisimama juu ya majina."

Kisha akamweleza Drande namna ya kufanya, kwa sababu mwanamke huyu alikuwa amelifikiria jambo lake kama jenerali. Drande atayaweka majina hayo ndani ya kilio.

Huko maiti haitoki nyumbani kavukavu. Mwanamke wa nyumba hukaa kichwani pa marehemu na kumlilia kwa maneno, anamsifu, anamwita kwa kila jina zuri linalomjia, na wanawake wengine huitikia "ee mama, ee". Chama kilikuwa kimepiga marufuku mbingu, lakini kilikuwa hakijafika kwenye machozi. Sasa, Gjyste alisema, ukimwita mama mkwe wako nyota ya asubuhi, nani atakushtaki? Watasema umezidisha tu. Wanaojua watajua, watajibu moyoni.

Ndue, mume wa Drande, alipoambiwa aligeukia mlangoni. Halafu akasema alie kama watu wanavyolia, basi, mama hatasikia. Alisema hivyo akiangalia viatu vidogo vya binti yao kando ya mlango. Asubuhi ya mazishi hakulirudia. Alikwenda chumba cha wanaume, akakaa na sigara na pombe yake ya raki, na mlango akaufunga.

Kwa hiyo Drande alitua birika, akafunga kitambaa cheusi, akaingia.

Chumba kilikuwa kimejaa wanawake wa mtaa, magoti yanagusana. Mvua ilikuwa inapiga madirisha. Gjyste alilala katikati, mdogo kama binti, na sketi yake nyeusi ya sikukuu. Kichwani pake alikaa Bibi Tushe, rafiki yake tangu utoto, kiziwi kiasi kwamba watu wa mtaa walimsalimia kwa mikono kama wanaongoza magari. Drande akakaa upande wa pili. Alitazama nyuso na kuhesabu kimoyomoyo: huyu anajua, huyu anajua, huyu sina hakika.

Alipokuwa anafungua kinywa, Vitore akaingia.

Vitore ndiye aliyekuwa mjumbe wa mtaa, mwenye kile kikohozi. Mwanamke mrefu, nadhifu, aliyejua nani kanunua nyama na kwa nini. Wanawake walimsogezea nafasi haraka mno. "Karibu, Ndugu Vitore." "Kaa hapa, Ndugu Vitore, pana joto." Akakataa penye joto, akakaa karibu na mlango, mikono mapajani. Drande akahisi kama amemwagiwa maji ya kisima mgongoni. Si kwa sababu Vitore ni mjumbe. Ni kwa sababu Vitore, kabla ya kanisa kuu kuwa ukumbi wa michezo, alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mtu mwingine wa Chama angeweza kudanganywa na nyota ya asubuhi. Huyu aliimba litania ile kila jioni ya mwezi Mei tangu akiwa na vishungi.

Njia ilikuwa wazi: alie kilio cha kawaida. Asifie mikate ya Gjyste, soksi alizofuma, uji aliowapikia wagonjwa. Hakuna mtu angemlaumu, hata Gjyste mwenyewe hakuwa katika hali ya kulaumu. Drande alianza hivyo. Akalilia mikate, akalilia soksi. Wanawake wakaitikia, "ee mama, ee", na chumba kikapumua.

Halafu akautazama ule uso mdogo, na akajua kwamba akimaliza na soksi, atabaki na soksi hizo maisha yake yote.

"Ulikuwa nyota yetu ya asubuhi," alisema. Sauti ilitetemeka, lakini kwenye kilio sauti hutetemeka.

"Ee mama, ee."

"Ulikuwa nyumba ya dhahabu."

"Ee mama, ee." Mwanamke mmoja kando ya dirisha aliinamisha kichwa ghafla. Alikuwa amejua.

Drande hakumtazama Vitore. Jasho lilikuwa linamshuka ndani ya mikono ya gauni. Kila jina alilitoa kama mtu anayevuka barafu nyembamba, anaweka mguu, anasikiliza kama patalia. Mnara wa Daudi. Mlango wa mbingu akaupunguza ukawa mlango wetu, kwa woga. Afya ya wagonjwa ikapita vizuri, maana Gjyste kweli aliwauguza watu. Kuna jina moja alilolikwepa tangu mwanzo, na kila lilipomjia ulimini alishika jingine.

"Mfariji wa wenye huzuni," alisema.

"Utuombee," akasema Bibi Tushe.

Alisema kwa nguvu, kama viziwi wanavyosema. Midomo yake ilikuwa imejibu hivyo miaka sabini, na midomo haikupata taarifa kwamba mambo yamebadilika.

Hakuna aliyeitikia ee mama. Mvua tu ndiyo iliyoendelea na kazi yake.

"Bibi Tushe amesema nini?" Vitore aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anayeuliza bei ya vitunguu.

Jibu lilikuwa limeshaiva kinywani mwa Drande: bibi amezeeka, Ndugu Vitore, akili zimehama, juzi aliita paka kwa jina la marehemu mumewe. Chumba kizima kilikuwa kinalisubiri jibu hilo. Aliona macho yanamsukuma, sema, sema tupone. Wangemwandama bibi kidogo na kumwachia. Au wasingemwachia. Na nyumba ya Drande ingesalimika, na viatu vile vidogo vingebaki kando ya mlango wake.

Drande akamgeukia Vitore.

"Amenijibu mimi," alisema.

"Kwani wewe ulikuwa unasema nini?"

"Namlilia mama yangu."

"Kilio hicho nakijua, Drande. Nilikiimba kabla wewe hujaolewa mtaa huu." Vitore akakohoa, akajiweka sawa kwenye kiti. "Endelea basi. Malizia. Na wenzako wakujibu kwa sauti, tuwasikie."

Drande akaelewa, na kila mwanamke akaelewa. Akinyamaza, amekiri. Akiendelea, amekiri zaidi, na kila atakayefungua mdomo kumjibu ataondoka na jina lake likiwa kichwani mwa Vitore. Ule ulikuwa mtego mzuri. Mtu aliyesoma katekisimu vizuri ndiye anayeweza kuutega.

Aliogopa kiasi kwamba hakusikia ulimi wake. Akafikiri juu ya Gjyste nje ya ukuta, theluji kwenye kikapu, Gjyste aliyekimbia panya. Hakuna kilichopungua, woga ulibaki palepale, mkubwa kama kabati. Lakini ilionekana mtu anaweza kupita kando ya kabati.

"Msaada wa Wakristo," alisema, safari hii bila kujificha ndani ya sifa yoyote.

Wanawake walitazama zulia.

"Utuombee," akasema Bibi Tushe.

"Malkia wa malaika."

"Utuombee." Sauti moja tu, kavu kama ukuni.

Drande aliona kwamba litania itaishia hivyo, wao wawili na maiti. Hakuwalaumu. Akafungua kinywa kwa jina la tatu, na hapo yule mwanamke wa dirishani akaanza kulia. Hakujibu kitu. Alilia tu, kwa sauti ya juu, akijipiga kifua, kama desturi inavyoruhusu. Mwenzake wa kushoto akampokea. Halafu wa nyuma. Wote wakaangua kilio, wanayumba, vitambaa vimefunika nyuso, na ndani ya kelele ile, kila Drande alipotaja jina, kitu kilipita chini, kizito, kama gari la mizigo linalopita mtaa wa pili. Utuombee. Nani alisema? Vitore alinyanyuka nusu. Akatazama huku, akatazama kule. Aliona vitambaa vyeusi tu. Midomo aliyoiona ni miwili: wa kiziwi, na wa Drande.

Alisubiri mpaka Malkia wa amani. Kisha akasema poleni na msiba, akatoka. Kahawa chungu aliyowekewa hakuigusa.

Wanaume walimchukua Gjyste chini ya mvua. Wanawake wa Shkodër hawaendi makaburini. Hubaki kupanga viti. Siku ile hawakupanga viti vingi. Waliondoka mmojammoja, haraka, wakimbusu Drande shavuni bila kumtazama, na mmoja alimbana mkono mpaka pete ikamuumiza. Binti alikuwa ameshapelekwa kwa dada yake Ndue tangu asubuhi. Akabaki Bibi Tushe, amekaa kando ya kitanda kitupu kama mzigo uliosahauliwa stesheni.

Drande akamwinamia sikioni, akampigia kelele kwamba atamsindikiza nyumbani.

"Usinipigie kelele," Tushe alisema. "Nasikia."

Drande akamtazama.

"Si yote. Nachagua. Vitore nilimsikia vizuri kuliko wewe." Bibi akavuta shali. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa, na sasa Drande aliona kwamba ilitetemeka muda wote ule. "Lile la kwanza liliniponyoka, sitakudanganya. La pili ilibidi. Ningekuacha vipi? Nimejikojolea kidogo, mwanangu. Usimwambie mtu."

Drande alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye goti la bibi, na wakakaa hivyo, wawili wanaotetemeka.

"Na umeruka jina moja," Tushe akasema juu ya kichwa chake.

"Najua."

"Lile la kwetu."

"Najua, bibi. Niliogopa. Lile lisingefichika. Lile ndilo kanisa lenyewe."

"Gjyste naye anajua kuhesabu. Unadhani hatahesabu?"

Nje, lango la ua lilifunguliwa. Ngazi za mbao zikalia. Haikuwa sauti ya wanaume wanaorudi kutoka makaburini, wengi, wanajikwaa, wanapumua. Zilikuwa hatua za watu wawili, zisizo na haraka. Drande aliinua kichwa.

"Sema," Tushe alinong'ona, na sasa macho yake yalikuwa ya mtoto. "Sema, sema, na mimi naogopa."

"Mama wa Shauri Jema," alisema Drande.

"Utuombee."

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Vijana wawili wa usalama, makoti ya mvua, nywele zimechanwa vizuri. Waliingia na viatu hadi kwenye zulia, kitu ambacho mtu wa Shkodër hafanyi hata nyumba ikiungua.

"Viatu, wanangu," alisema Bibi Tushe. "Hapa pana msiba."

Yule mdogo wao aliinama nusu kuelekea kamba za viatu, kabla mwenzake hajamgusa bega. Akasimama tena, masikio yamekuwa mekundu.

"Drande ni nani hapa?" aliuliza mkubwa.

Drande akashika ukingo wa kitanda, akanyanyuka.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.